Vikombe Viwili Getini

Chiriku alianza kuvimba akiwa na biskuti ya pili mkononi na ya tatu akiipigia mahesabu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama yake alikuwa saluni anasuka, baba yake kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, na nyumbani alibaki yeye na bibi yake mzaa baba, wamekaa mkekani wanachambua mchele. Mtoto huyu wa miaka sita, aliyepewa jina la ndege kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo, alinyamaza katikati ya maneno. Ukimya ule ndio uliomfanya bibi ainue macho. Midomo ilikuwa imefura, jicho la kushoto linajifunga, na shingoni mabaka mekundu yanapanda.

Bibi hakupiga kelele. Alijitupia mtoto mgongoni, yeye mwanamke wa miaka sitini na mitano mwenye magoti yaliyochoka, akatoka naye peku hadi zahanati ya mtaa wa pili. Mkononi alikuwa ameishikilia ile pakiti ya biskuti na wala hakujua kwa nini kaichukua. Baadaye majirani walisema aliichukua ili akaitupe, ushahidi usiwepo, na maneno hayo yalimuuma kuliko magoti.

Daktari alikuwa msichana mpole mwenye mikono ya haraka. Alimchoma mtoto sindano pajani, akamvisha kinyago cha hewa, na pumzi iliporudi kwenye mwendo wake akasema kwamba huyu amekula karanga, na kwamba safari ijayo huenda zahanati ikawa mbali.

"Hajala karanga," bibi alisema. "Nimesoma."

Na kweli alisoma. Miaka ishirini na miwili bibi huyu alifagia shule moja, akafuta ubao uliojaa maneno asiyoyajua, kila jioni, mpaka siku moja akiwa na miaka hamsini na minane akachoka kufuta vitu vya watu bila kujua ni vitu gani. Akajiandikisha darasa la watu wazima. Tangu hapo hakikupita kitu chenye herufi mbele yake kikapona. Alisoma kalenda, risiti, chupa za dawa na magunia ya saruji. Na tangu ijulikane kwamba mwili wa Chiriku haupatani na karanga, kila pakiti iliyoingia nyumba ile ilipita kwanza chini ya kidole chake. Kwa kuwa maandishi ya pakiti ni madogo kama mayai ya chawa, mwanawe alimpa lenzi yake moja ya kazi, ile ambayo fundi saa huibana jichoni. Ilining'inia msumarini pembeni ya kabati. Kwenye mlango wa kabati mkwewe alikuwa amebandika karatasi yenye maneno mawili kwa wino mwekundu: KARANGA MARUFUKU.

Asubuhi ile bibi alibana lenzi jichoni akasoma pakiti kuanzia juu mpaka chini. Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mimea, unga wa njugu, chumvi. Akarudia. Karanga haikuwepo. Njugu alizijua vizuri, zile za mviringo, ngumu, zinazochemka nusu siku. Mwezi uliopita walizichemsha na Chiriku alikula bakuli zima akaomba nyingine, asipate hata kipele. Akafungua pakiti na roho yake nyeupe.

Mama Chiriku alifika zahanati na kitana bado kimechomekwa kichwani, amemwacha mteja saluni na nusu ya kichwa. Alimshika mtoto kwanza, akamgusa uso wote, ndipo akaichukua pakiti mkononi mwa mama mkwe. Aliisoma kwa kupepesa jicho mara moja, kama wanavyosoma watu waliopelekwa shule kwa wakati wake.

"Mama, si hii hapa? Unga wa njugu."

"Njugu ni njugu," bibi alisema.

"Njugu ndiyo karanga."

Bibi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa miaka yote ni mtu mwingine. Alianza kueleza juu ya zile za mviringo, za kuchemsha, lakini mtoto alikohoa na hakuna aliyemsikiliza tena.

*

Nyumbani, jioni ya siku ile, mama Chiriku aliongea kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa mbaya. Angefoka, bibi angejua pa kushika. Alikaa chini kabisa, akaanza kwa kumwomba mama amsamehe kwa atakalosema. Mumewe, fundi saa, alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuanzia leo mtoto asile kitu kutoka mkononi mwako, mama. Nitakuwa naenda naye saluni."

Saluni hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, dawa za nywele zinazochoma macho na maji ya moto kwenye ndoo. Wote watatu walijua si mahali pa kushinda mtoto aliyetoka kukosa hewa. Mama Chiriku alilijua zaidi ya wote, na alisema vilevile. Kisha alinyanyuka, akaitoa lenzi msumarini, akampa mumewe arudi nayo kazini.

Fundi saa alijiangalia kifundo cha mkono, ambako hajawahi kuvaa saa hata siku moja. Alimpenda mama yake na alimpenda mkewe, na mapenzi ya namna hiyo humfanya mwanamume awe kama mlango, anafunguka kila upande na haendi popote. Aliitia lenzi mfukoni.

Bibi alilia mara moja tu, bafuni, bomba likiwa wazi. Hakujidanganya. Mkono uliompa mtoto biskuti ulikuwa wake, na angeweza kuwa anamzika sasa hivi. Lakini alisoma. Hilo alirudi nalo kila alipojaribu kulala: hakupuuza, hakubahatisha, alisoma kila herufi. Kama kusoma hakukutosha kumlinda mtoto, basi ama yeye ana kasoro, ama yale maandishi. Alitaka kujua ni lipi, kwa sababu kama kasoro ni yake, mkwewe ana haki na mtoto amekwenda.

*

Jumatatu alikwenda dukani aliponunua zile biskuti, akamuuliza mwenye duka njugu ni nini. Mwenye duka akacheka, akachota kwenye gunia zile za mviringo, ngumu. Bibi alihisi moyo wake unapanda ngazi. Mara mke wa mwenye duka akasema kutoka ndani kwamba mume wake hajui kitu, njugu ni karanga, kwao tangu azaliwe wanaita hivyo. Mume akamjibu kwamba kwao hata chumvi huenda wanaiita sukari. Bibi akawaacha wanazozana, akanunua kikombe kimoja cha kila aina, kisha, pakiti ameisogeza puani kwa kukosa lenzi, akasoma mstari wa mwisho kabisa, ambao watu hawausomi. Ulisema kiwanda kiko wapi.

Siku ileile alikaa kwenye benchi la geti la kiwanda kuanzia saa tatu hadi saa sita. Mlinzi alimuuliza mara mbili kama anatafuta kazi ya kufagia. Mwisho akaitwa ndani kuonana na msimamizi wa ubora, kijana mwenye koti jeupe na kalamu nne mfukoni. Tangu dakika ya kwanza bibi alimwita moyoni Bwana Ubora, na jina likamkaa.

Bwana Ubora hakuwa mtu mbaya. Alitoa pole, akauliza hali ya mtoto, akasikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu zaidi ya mara tatu. Kisha akaigeuza pakiti akasema neno lenyewe ni sahihi. Fungua kamusi yoyote, utalikuta, na maana yake ni karanga. Bibi akauliza kama hiyo kamusi haina maana ya pili. Ilikuwa nayo, na Bwana Ubora aliijua, kwa hiyo akajibu swali lingine.

"Kwa msomaji wa kawaida halina utata, mama. Safari nyingine mpe kijana akusomee."

Akaagiza iletwe katoni moja, pole kutoka kwa kampuni. Pakiti ishirini na nne za biskuti zilezile. Bibi aliitazama katoni, akamtazama kijana, akaona kabisa kwamba hajaelewa anampa nini. Aliiacha juu ya benchi, na mlinzi hakuuliza mara mbili.

Njia nzima ya kurudi neno lile lilimtembea kichwani. Msomaji wa kawaida. Alikuwa amesoma miaka saba na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wasomaji wana madaraja kama mchele. Kama kuna mtu anayeitwa msomaji wa kawaida, na maandishi ya nchi nzima yanaandikwa kwa ajili yake, alitaka kumwona. Na pale kiwandani alikuwa ameona watu mia kadhaa wanaingia na kutoka, wote na vitambulisho vifuani, wote wanajua kusoma.

*

Jumanne saa nane mchana, zamu ilipokuwa inabadilishana, bibi alikuwa getini, upande wa barabara, ambako hakuna mwenye mamlaka ya kumfukuza. Alipindua ndoo, akaweka juu yake vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa na karanga, kingine njugu zake za mviringo. Pajani alikuwa na daftari la mistari.

Watu walidhani anauza.

"Siuzi," aliwaambia. "Nauliza. Njugu ni ipi?"

Mwendesha tanuri alitafuna kwanza karanga za bure, kisha akasema ndizo. Wasichana wawili wa kupanga pakiti, marafiki tangu waajiriwe, walionyesha kila mmoja kikombe chake, wakatazamana kama wamefumaniana. Mzee mmoja aliyeharibiwa masikio na kelele za mashine alidhani kaulizwa juu ya njuga, akajibu kwamba hizo huvaliwa miguuni wakati wa kucheza ngoma. Bibi alimwandikia mstari wake peke yake. Mlinzi alikuja na rungu kumwambia hapa si sokoni. Bibi akamuuliza swali. Mlinzi akaonyesha kikombe cha zile za mviringo. Mlinzi mwenzake akasema wewe vipi, na mabishano yao yalichukua muda mrefu hata wakasahau walikuja kumfukuza nani.

Alirudi Jumatano asubuhi kuikuta zamu nyingine, na mchana tena. Kufikia hapo wengine walikuwa wanakuja na majibu tayari, wameuliza wake zao nyumbani. Wengine walimcheka. Kijana mmoja wa ofisini alimpiga picha, akamwita kichaa wa njugu, na bibi akamuuliza hata yeye. Alionyesha kikombe, akaandikwa.

Ile picha ndiyo iliyofika saluni. Mteja mmoja alikuwa anaichekea kwenye simu, akamwonyesha msusi wake bila kujua aliyepigwa picha ni mama mkwe wa msusi huyo. Mama Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, aibu ambayo hakuweza kusema kama ni ya kuchekwa kwa mama au ya kuwa miongoni mwa waliomfikisha pale. Alimaliza mkia wa nywele, akamchukua Chiriku, ambaye tangu Jumamosi alikuwa anajibu kwa kichwa tu na macho yake yamekuwa mekundu kwa dawa za nywele. Wakaenda kumrudisha bibi nyumbani.

Walimkuta katikati ya watu. Mama Chiriku aliamkia, akasema kwa sauti ya chini kwamba inatosha, twende nyumbani. Bibi aliitikia marahaba, akampa daftari.

Mistari ilikuwa imepangwa mitano mitano, kwa mwandiko wake wa kujifunzia. Karanga, sabini na tisa. Za mviringo, sabini na mbili. Zote mbili, kumi na tatu. Wasiojua, tisa. Njuga, mmoja.

Mama Chiriku alilisoma daftari polepole, yeye asomaye kwa kupepesa jicho. Alihesabu upya. Aliikumbuka karatasi yake ya wino mwekundu, iliyokuwa na jina moja tu la kitu chenye majina mawili. Alikuwa amemhukumu mtu kwa kosa ambalo nusu ya watu wa geti hili wangelifanya, na yeye mwenyewe alikuwa ameliandika kabatini.

Hapo Bwana Ubora akatoka, kwa sababu zamu ilikuwa inachelewa kuingia. Alianza kwa upole kuwaeleza mama mkwe na mkwe kwamba jambo hili lilishazungumzwa.

"Nilikuwa namtafuta msomaji wako wa kawaida," bibi alisema. "Nimemkosa. Na wewe hujaandikwa bado."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka bibi. Mwanamke mmoja aliyejaa unga hadi kwenye nyusi akajipenyeza mbele. Alikuwa mchanganyaji, yeye ndiye humwaga malighafi kwenye pipa.

"Gunia ninalomwaga mimi limeandikwa karanga," alisema. "Ubavuni, herufi kubwa. Ikifika kwenye pakiti inakuwa njugu. Sijui inabadilika jina njiani wapi."

Bwana Ubora alimtazama mchanganyaji, akatazama zamu nzima iliyosimama, akaona kwamba kimya chake kitaandikwa nacho kwenye lile daftari. Akasema, kwa sauti ndogo kuliko koti lake, kwamba nafasi ya mstari ilikuwa finyu. Neno karanga lilikuwa linasukuma chumvi mstari wa chini, mstari wa chini unaingia kwenye picha. Mchoraji aliweka neno fupi.

Bibi alihesabu kwa vidole, herufi moja moja, kwa sauti, kama alivyofundishwa. Saba. Akahesabu nyingine. Tano.

"Herufi mbili," alisema.

"Picha ya nini?" mama Chiriku aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema pale.

"Ya ng'ombe."

"Biskuti zina maziwa?"

Bwana Ubora alijibu kwamba hazina. Hakuna aliyecheka. Mama Chiriku alimsogeza mtoto mbele, akampandisha gauni kidogo, pakaonekana doa la sindano pajani, bado la bluu. Alisema kwamba ng'ombe asiye na maziwa alipewa nafasi na mwanawe akanyimwa, na angependa kusikia mtu aliyepima nafasi hiyo akisema kwamba aliipima vizuri.

Bwana Ubora alisema pakiti za miezi mitano zimekwishachapwa. Hawezi kuzichapa upya.

"Basi nitakuwa hapa miezi mitano," bibi alisema, akakaa juu ya ndoo, vikombe akavihamishia pajani. Mama Chiriku aliangalia huku na huku, akaona jiwe, akakaa pembeni yake. Saluni ilikuwa na wateja wawili wanamsubiri na alijua hatawapata tena.

Mchanganyaji ndiye aliyeuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, kwa nini mashine inayopiga tarehe ya kuharibika isipige na mstari wa pili. Si mwaka juzi ilipiga namba za bahati nasibu? Wapo walioitikia. Bwana Ubora alifungua mdomo kusema haiwezekani, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeziidhinisha zile namba.

*

Kiwanda hakikuomba radhi na wala hakikumwandikia mtu barua. Lakini Jumatatu iliyofuata pakiti zilizotoka zilikuwa na mstari mweusi chini ya tarehe: INA KARANGA. Herufi zenyewe zilikuwa zimekaa upande, kama zimepigwa na mtu aliyenuna. Zile zilizokuwa madukani tayari zilibaki vilevile. Bibi alizifuata kwenye duka la mtaa na kalamu nene, akawa anaziandika moja moja kwenye rafu. Mwenye duka alilalamika kwamba anamchafulia bidhaa. Mkewe akamwambia akae kimya, mwandiko ni mzuri.

Nyumbani mama Chiriku aliibandua ile karatasi ya kabati. Alileta karatasi mpya na wino uleule, akakaa mkekani, akamuomba mama amtajie majina yote anayoyajua, ya huku na ya kwingine, hata ya utani. Waliandika mpaka wakafika sita.

"Niliandika moja," mama Chiriku alisema, bila kuinua kichwa. "Nisamehe, mama. Nilikuacha peke yako na neno moja."

Bibi alisema ameshasamehe tangu kwenye jiwe, na kwamba yeye pia kuanzia sasa akikutana na neno lenye sura mbili atauliza kwanza. Fundi saa, aliyekuwa mlangoni kama kawaida yake, aliingia mpaka ndani. Akatoa lenzi mfukoni, akaining'iniza msumarini, akaigusa kidogo itulie.

Mchana wa Jumamosi Chiriku alirudi kutoka dukani na baba yake, ana pakiti ya kitu kipya chenye picha ya nyota. Alikuwa anaongea tangu barabarani: juu ya nyota, juu ya mbwa waliyemwona, juu ya rafiki yake aliyeng'oka jino. Alimnyooshea mama yake pakiti afungue. Mama Chiriku alikuwa na mkono juu yake tayari. Aliuondoa.

"Mpelekee bibi yako asome."

Bibi alibana lenzi jichoni, akaanza juu. Alisoma kidole kikitembea, midomo ikitembea, polepole hata mtoto akahama mguu mmoja mpaka mwingine. Alifika kwenye chumvi, hakusimama. Alifika kwenye tarehe, hakusimama. Kidole kikateremka hadi kwenye kile kijimstari cha mwisho kabisa.

"Bibi, hapo si chakula tena," Chiriku alisema. "Mbona unasoma mpaka huko?"

"Hapa wameandika geti lao liko wapi," bibi alisema, akaendelea kusoma.